Uchambuzi wa bodi ya M.NT68676: kutumia kioo cha laptopu mbovu kwenye Raspberry Pi

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa iliyopo mezani leo ni bodi ya kuendeshea skrini iitwayo M.NT68676, ambayo hununuliwa na wale wanaotaka kioo kilichong'olewa kwenye laptopu mbovu kiwe skrini ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Pi hutoa picha kwa HDMI, ilhali vioo vya laptopu hupokea picha kwa njia nyingine ya mawimbi iitwayo LVDS au, vile vya karibuni zaidi, eDP. Kwa hiyo waya peke yake hauwezi kuviunganisha, na kazi ya bodi hii ni kuipokea HDMI na kuigeuza kuwa LVDS.

Kioo ninachotumia ni LP156WH4 cha LG, chenye inchi 15.6, pikseli 1366 kwa 768 na pini 40. Namba ya kioo huandikwa kwenye lebo iliyo mgongoni mwake, nami nawaomba sana muisome kabla ya kulipia chochote, kwa sababu programu inayopakiwa kwenye bodi hulingana na kioo mahususi, na bodi yenye programu ya kioo kingine huweza kuwaka huku picha ikitoka imevurugika, hata mtu akadhani kioo ni kibovu na kukitupa bure. Inchi hazitoshi kukitambulisha kioo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jampa ya umeme wa kioo, yaani kile kifuniko kidogo cha pini kinachochagua volti zinazokwenda kwenye kioo. Bodi hii hutumika pia kwa vioo vya monita na vya televisheni, ndiyo maana ina nafasi ya volti 3.3, 5 na 12, lakini kioo cha laptopu kwa kawaida huhitaji 3.3 tu, na ukikipa 12 kitaungua. Pimeni kwa mita kabla ya kuchomeka kebo ya kioo. Onyo hilo lilistahili kuchapishwa kwa herufi kubwa kwenye bodi yenyewe.

Bodi huhitaji adapta yake ya volti 12. Msitegemee pini za volti 5 za Pi. Vioo vya zamani vyenye taa za CCFL, yaani mirija myembamba ya mwanga nyuma ya kioo, huhitaji pia invata, kifaa cha kupandisha umeme kinachotoa mamia ya volti, kwa hiyo anayeanza achague kioo cha LED.

Picha yenyewe imeniridhisha. Herufi zikionekana kufifia, huenda Pi imechagua 1360 kwa 768; katika matoleo ya zamani ya mfumo wake, hdmi_group=2 na hdmi_mode=81 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, huirudisha 1366 kwa 768. Rangi hugeuka ukikitazama kioo kutoka chini, lakini huo ni udhaifu wa kioo cha aina ya TN, si wa bodi.

Kwa kioo cha LVDS chenye taa za LED, naipendekeza bila kusita. Mwenye kioo cha eDP asiinunue, kwani haitakiwasha. Atafute bodi iliyotengenezwa kwa eDP, akitaja namba ya kioo chake.