Kisu cha kukunja cha mkono mmoja: kitikise kwanza, lipa baadaye

Lalamiko ni lile lile kila mara. Mtu amenunua kisu cha kukunja kwa sababu kinafunguka chap, kidole gumba kikigusa tu bapa liko nje. Siku chache baadaye anatia mkono mfukoni kutafuta funguo, anakutana na ncha. Kisu kimejifungua humo humo. Anailaumu loki, na loki haina kosa. Kazi ya loki ni kulizuia bapa lisikuangukie vidoleni likiwa wazi. Kinacholizuia lisifunguke likiwa limefungwa ni kitu kingine kabisa, nacho hakiandikwi kwenye boksi lolote.

Kwa hiyo ukali nauacha. Kila kisu kipya kina makali, na yakiisha kuna kinoo. Rangi ya mpini utachagua mwenyewe. Visu hapa vimepangwa kwa swali moja: kinatuliaje mfukoni, huku bado kikifunguka kwa mkono mmoja bila kubembelezwa?

Visu vingi vya aina hii vina bamba jembamba la chuma ndani ya mpini, ambalo huruka nyuma ya kitako cha bapa na kulikaza likiwa wazi. Kwenye bamba hilo hilo imepachikwa gololi ya chuma au ya kauri, ndogo kuliko punje ya mtama. Ukikifunga kisu, gololi inatumbukia kwenye kitundu kilichotobolewa ubavuni mwa kitako. Usalama wote wa mfukoni uko hapo. Kitundu kikitobolewa pembeni kidogo ya njia ya gololi, au bamba likiwa halina nguvu ya kusukuma, bapa hubaki limelala tu likisubiri mtikiso wa kwanza. Na kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote.

Mikono ndiyo inayoona. Fungua kisu polepole kwa kidole gumba. Kilicho sawa hugoma mwanzoni, kisha huachia ghafla na bapa linateleza hadi mwisho. Kikigoma njia nzima, hiyo si gololi: ni skrubu ya egemeo, pale bapa linapozungukia, iliyokazwa kupita kiasi, na msuguano wake ndio unaoficha gololi dhaifu. Siku utakapoilegeza ili kisu kiwe chepesi, kitaanza kujifungua.

Sasa kifunge. Kibane ubavu kwa ubavu kwa kidole gumba na cha shahada, karibu na egemeo, bila kugusa bapa. Upande bapa linakotokea uelekee chini, mbali na miguu yako na ya watu. Kikung'ute kwa nguvu kama unavyokung'uta kipimajoto cha zebaki, mara tano au sita. Bapa likichungulia hata kidogo, rudisha. Usikubali kuambiwa "kitakaza kikizoea". Gololi na kitundu vikitumika hulika, havikazi.

Jaribio la mwisho ni la mchezo wa bapa. Kikiwa wazi, shika mgongo wa bapa karibu na ncha ulisukume kushoto na kulia. Likicheza kidogo, skrubu ya egemeo ikizungushwa robo ya mzunguko, pengine chini ya hapo, inatosha. Likicheza juu na chini, kasoro iko kwenye loki, na hakuna bisibisi itakayoitibu.

Namba moja ni Spyderco Delica 4, na kaka yake Endura 4 kwa mwenye mikono mikubwa. Upendeleo ninao na siufichi. Loki yake iko mgongoni: ufito wa chuma wenye springi unaokandamiza kitako muda wote, kisu kiwe wazi au kimefungwa. Bapa likianza kutoka, springi inalirudisha ndani. Hakuna kitundu cha kutobolewa vibaya. Halafu kuna lile tundu la duara kwenye bapa, ambalo Spyderco walianza nalo mwaka 1981 kwenye kisu chao cha Worker. Wengi huliona pambo. Lakini kinundu cha kidole gumba, kile kinachotokeza ubavuni mwa bapa kwenye visu vingi, hukwama kwenye pindo la mfuko unapochomoa kisu, na bapa likafunguka kabla hujawa tayari. Pia hugonga kinoo unaponoa karibu na mpini. Tundu halitokezi nje, basi halikwami wala haligongi, na la mkono wa kushoto ni hilo hilo la mkono wa kulia.

Bapa la Delica lina sentimita 7.3 hivi na kisu kizima ni karibu gramu 70. La Endura lina takriban sentimita 9.6. Chuma ni VG-10, na visu hivi hutengenezwa Seki, Japani. Watu huudharau mpini wake kwa kuuona ni plastiki. Ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na ndani mna mabamba ya chuma yaliyotobolewa ili kupunguza uzito. Klipu ya kukishikiza mfukoni inahamishika sehemu nne. Kasoro zipo: ukilibana bapa kwa nguvu kutoka mgongoni utasikia linacheza kidogo sana juu na chini, na ncha ni nyembamba, si ya kubandulia mfuniko wa kopo la rangi. Kubwa zaidi ni uchafu. Pamba za mfukoni na mchanga hujaa kwenye pengo ambamo jino la ule ufito wa loki huingia, na kisu kilicho wazi kinaonekana kimekamatwa na loki kumbe jino limekaa juu juu. Futa hapo kwa kijiti cha meno kila unapokinoa, kisha usikilize: mlio wa loki ikikamata uwe mkavu. Ukiwa mzito, rudia kufuta.

Namba mbili ni Benchmade Griptilian. Loki yake, AXIS, ilitoka mwaka 1998, kazi ya Bill McHenry na Jason Williams: pini inayokatiza mpini upande hadi upande, ikivutwa na springi mbili nyembamba. Kwa kasi hakuna anayeishinda kwenye orodha hii, na wakati wa kufunga kidole chako hakipiti kwenye njia ya bapa hata mara moja. Pini ndiyo inayolikandamiza bapa likiwa limefungwa. Ubaya ni zile springi. Zinaweza kukatika, na ikikatika moja kisu kinaendelea kufanya kazi, ndiyo maana wengi hawajui wamebaki na moja tu. Vuta pini kila upande; upande uliolegea ndio wenye springi iliyokatika. Loki za muundo huu sasa hutengenezwa na kampuni nyingi, kwa hiyo jaribio hilo lifanye kwa yoyote utakayoikuta.

Ontario RAT 1 ni ya tatu. Mtu anayetaka kisu kinene cha kukata kamba na maboksi siku nzima atakipenda kuliko Delica, na sitabishana naye. Bapa lina karibu sentimita 9, uzito ni gramu 140 hivi, chuma ni AUS-8 au D2. D2 hukaa na makali muda mrefu zaidi ila hushika kutu ukikiacha na unyevu, hasa baada ya kukatia ndimu. Hiki ni kisu cha bamba na gololi, kwa hiyo kitikise hicho hicho utakachobeba, si cha kuonyeshea. Kukifunga lazima kidole gumba kilisukume bamba kikiwa kwenye njia ya bapa. Likianza kushuka, toa kidole kwanza ndipo umalizie.

Visu ambavyo ubavu wa mpini wenyewe ndio loki, mtindo aliouleta fundi wa visu Chris Reeve kwenye kisu chake cha Sebenza, ni imara kwelikweli, ila bei yake ni ya mtu asiyeuliza bei. Angalizo moja: ukiubana ubavu huo kwa vidole huku unafungua, unaididimiza gololi zaidi kitunduni na kisu kinagoma. Wengi huvirudisha dukani wakidhani ni vibovu. Hamisha vidole tu.

Opinel, kinachotengenezwa tangu 1890, na Buck 110 ya mwaka 1964 ni visu vizuri, lakini vya kawaida vinataka mikono miwili. Vile vyenye springi ya kumalizia kufungua vina haraka ambayo kidole gumba hakihitaji, na springi ni kitu kingine cha kukatika.

Vya bei ya chini kabisa visivyo na jina la chuma: tikisa kumi, chukua kimoja. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Wauzaji sasa. Mchezo wao mkubwa ni kuilegeza skrubu ya egemeo na kumimina mafuta, bapa lianguke lenyewe, mteja ashangae. Kile kile kinachomfurahisha dukani ndicho kitakachomchoma mfukoni. Wengine wanatangaza urefu wa kisu kikiwa wazi, mpini na bapa pamoja, ili kionekane kikubwa. Wengine wanaandika "chuma cha pua" na kuishia hapo, kana kwamba mtu anauza gari kwa kuandika "lina magurudumu". Na wale wanaofungia kisu kwenye plastiki ngumu isiyofunguliwa kabla ya kulipa wanajua kwa nini wameifunga. Spyderco na Benchmade vya bandia vimejaa. Tazama tundu kama lina kingo chakavu, herufi zilizochongwa juu juu, na bei iliyo nusu ya kawaida.

Sheria nayo iangalie kabla ya kubeba. Uingereza, kisu cha kubeba bila sababu maalumu kisizidi makali ya sentimita 7.62 na kisiwe na loki, yaani hata Delica haipiti. Ujerumani imezuia tangu 2008 kubeba hadharani visu vyenye loki vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja, isipokuwa kwa sababu halali.

Ukishanunua, fungua skrubu ya egemeo kwa bisibisi ya Torx, yenye ncha ya umbo la nyota, mara nyingi saizi T8 au T10, futa mafuta ya kiwandani kwenye nyuzi za skrubu, weka tone moja la gundi ya skrubu ya bluu, si nyekundu, kaza hadi bapa liache kucheza, kisha uache usiku mmoja. Tone likivujia kwenye washa, yaani kile kipete chembamba kando ya bapa kwenye egemeo, kisu kitakwama, basi tumia ncha ya kijiti. Mfukoni, geuza klipu ili upande bapa linakotokea ubanwe na mshono wa nyuma wa mfuko. Hapo hata gololi ikichoka, mshono unalizuia.