Stendi ya kutengenezea baiskeli nyumbani: uzoefu wangu na stendi mbili

Kwa miaka mingi nilitengeneza baiskeli zangu kama wafanyavyo mafundi wengi wa mtaani, kwa kuzipindua zikasimama juu ya kiti na usukani. Kwa kuziba pancha, njia hiyo inatosha kabisa. Taabu ilianza nilipopata baiskeli ya gia yenye breki za mafuta, kwa sababu kurekebisha gia huku kila kitu kikiwa kinyume kunachosha akili, na mara mbili baada ya kuipindua nilikuta hewa imetoka kwenye kikopo cha mafuta ikaingia kwenye mpira wa breki, nikishika breki inadidimia tu.

Ndipo nikatafuta stendi, yaani nguzo yenye miguu na kibano kinachoishika baiskeli ikiwa imeinuliwa kutoka chini. Ya kwanza niliinunua kwa kufuata bei. Ilikuwa na miguu miwili, nyepesi, na kichwa chake cha kubania kilikuwa cha plastiki. Kwa kusafisha cheni haikuwa na neno. Siku moja nikapandisha Phoenix yangu, baiskeli ya chuma inayozidi kilo 20 pamoja na keria, ili nifungue pedeli ya kushoto iliyoshikwa na kutu. Pedeli hiyo uzi wake wa kukazia umekatwa kinyume, hufunguliwa kwa kuzungusha spana kufuata mwendo wa saa, na ikiganda hudai nguvu kwelikweli. Nilipokandamiza spana, pedeli haikusogea hata kidogo. Kilichozunguka ni kibano. Meno ya plastiki yalikwaruzana, gurudumu la mbele likainama, stendi nzima ikafuata, na baiskeli ikaangukia keria. Muuzaji aliniambia kwamba stendi ile ni ya baiskeli nyepesi, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye boksi.

Ya pili, ambayo ninaitumia hadi leo, ina miguu mitatu. Baraza langu limesakafiwa kwa mteremko ili maji ya mvua yatiririkie uani, na stendi ya kwanza ilikuwa ikinesa hapo muda wote. Hii imetulia kama chungu juu ya mafiga. Siri ni kuugeuza mguu mmoja uelekee kule uzito wa baiskeli unakoegemea. Nisipofanya hivyo, hata hii huinua mguu wa nyuma.

Kichwa chake ni cha chuma, na kinakaza pembe kwa skurubu nene ya mkono. Dukani nilikijaribu kwa kukishika kwa mikono miwili na kukisokota kama mtu anayekamua nguo, na mwenye duka alinitazama kwa mashaka, lakini hakikucheza. Laiti ningefanya hivyo mara ya kwanza. Rangi, kisahani cha kuwekea spana na mfuko wa kubebea ni mapambo tu. Kisahani changu nilikivua wiki ya kwanza kwa sababu kilikuwa kikigonga pedeli.

Kuhusu mahali pa kubana, mimi hubana bomba la kiti tu, lile linalopanda na kushuka pamoja na kiti, si la fremu. Bomba la juu la fremu ya alumini lina ukuta mwembamba, na taya zikikazwa kupita kiasi hulibonyeza. La kaboni linaweza kupasuka, tena nyaya za breki na gia mara nyingi hupita hapohapo. Kwa baiskeli ya gia, ninapandisha kiti kidogo bila kuvuka alama ya mwisho iliyochorwa kwenye bomba, ninafuta mchanga, kisha ninabana. Phoenix ni kesi nyingine: springi za kiti na keria huacha nafasi ya vidole vitatu hivi, kwa hiyo hulazimika kulegeza bolti na kuinua kiti kwanza. Hiyo ni kero, na sijaona stendi ya kibano inayoiondoa.

Zipo pia stendi zinazoshika uma wa mbele na kuegemeza fremu kwa chini, pale ekseli ya pedeli inapopita, ambazo mafundi wa timu za mashindano huzipenda kwa kuwa hazibani fremu popote. Kwa nyumbani sizitaki, maana lazima gurudumu litolewe kabla ya kazi yoyote.

Ikikunjwa, stendi yangu inakaa nyuma ya mlango wa stoo. Ina uzito wa kilo sita hivi, na mwanangu wa darasa la saba huitoa mwenyewe. Ile pedeli ya kushoto hatimaye ilifunguka juu yake, baada ya kulala usiku mzima ikiwa imemwagiwa mafuta.