Altezza RS200 iliyotumika na historia yake: tathmini ya huduma ya gereji moja ya Nyakato, Mwanza

Anayenunua gari la spoti lililotumika hapa Mwanza kwa kawaida huonyeshwa kadi ya gari, husikiliza maelezo ya dalali, kisha huruhusiwa kuliendesha kidogo hadi Buzuruga na kurudi. Gereji niliyoitumia, iliyoko Nyakato na inayoendeshwa na mafundi wawili waliozoea Toyota zenye kasi, hutoa kitu ambacho kwa maoni yangu kina thamani kuliko hayo yote, yaani ripoti ya maandishi inayolinganisha karatasi za gari na chuma chenyewe. Niliwapelekea Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, ya gia za mkono, ambayo muuzaji wake alidai kuwa haijawahi kugongwa wala injini yake kuguswa.

Kazi ilianza kwenye namba ya chesisi, na hapo ndipo panapostahili kuanza. Altezza za sedani, zilizotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, zilikuwa za aina mbili kuu zinazofanana mno kwa nje. AS200 ina chesisi inayoanza na GXE10 na injini ya 1G-FE ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita 1988 (cc), ilhali RS200 ina SXE10 na injini ya 3S-GE ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 1998, ambayo ikifungwa gia sita za mkono hutoa nguvu za farasi 210. Tofauti hiyo ya sentimita kumi huandikwa kwenye kadi, na mnunuzi anayeijua hawezi kuuziwa AS200 iliyobandikwa nembo ya RS200. Fundi alisoma namba iliyogongwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na abiria, kisha akaangalia kibati cha kiwandani kilicho ndani ya boneti, ambacho hutaja rangi ya awali na aina ya giaboksi. Kadi, kibati na chesisi vilikubaliana.

Namba hiyo hiyo ya chesisi ndiyo waliyoitumia kuagiza kutoka Japani nakala ya karatasi ya mnada, yaani fomu ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani huko. Karatasi hii ina mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari langu lilikuwa na alama ya jumla ya hali yake ya 3.5, likiwa na XX kwenye madigadi ya mbele kushoto. Nilidhani hiyo inatosha kuliita gari la ajali, lakini nilielezwa kwa subira kwamba kwenye minada ya Japani gari hupewa R au RA, yaani alama ya gari la ajali, pale tu sehemu za muundo wenyewe, kama vile nguzo, sakafu au fremu ya mbele inayoshika rejeta, zimeharibika au kubadilishwa. Madigadi, milango na boneti hufungwa kwa bolti, na kubadilishwa kwake hakuhesabiwi.

Faida kubwa ya karatasi hiyo ni kwamba inaonyesha hali ya gari siku lilipouzwa Japani, kwa hiyo dosari kubwa isiyoonekana humo karibu hakika imetokea baadaye. Kipimo cha unene wa rangi kilionyesha zaidi ya mikroni 600 kwenye bodi ya nyuma upande wa kulia, ilhali rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa mikroni 100 hadi 150 hivi. Chini ya rangi hiyo kulikuwa na puti, na mchoro wa Japani ulikuwa mtupu mahali hapo, hivyo gari liligongwa likiwa tayari Tanzania. Mafundi hawakuishia kwenye tuhuma: walinyanyua zulia la buti wakakuta alama za kuchomelea za kiwandani ziko kamili, ishara kwamba bodi ilijazwa puti bila kukatwa. Kutu ya chini ya sakafu, kwa upande wake, ilikuwa imeshatajwa kwenye karatasi. Ilitoka Japani, ambako mikoa ya kaskazini humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, wala isisingiziwe Ziwa Victoria, ambalo ni la maji baridi.

Jambo zito zaidi lilikuwa kwenye injini. "Kaka, hii ni 3S-GE kweli, lakini siyo ile iliyoandikwa kwenye kadi," fundi aliniambia baada ya kusafisha mahali palipogongwa namba. Injini ya mtumba ilikuwa imefungwa bila mabadiliko hayo kuingizwa kwenye kumbukumbu za usajili. Dashibodi ilisoma kilomita 101,000 na karatasi ya mnada 94,000, pengo dogo lisiloaminika kwa gari lililotembea hapa nchini miaka mingi. Na hata kama lingeaminika, lisingesema chochote kuhusu umri wa injini iliyopandikizwa. Ripoti ilishauri mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000, uhesabiwe kuwa umekwisha.

Kuhusu umiliki, kadi ilikuwa bado kwa jina la mmiliki wa kwanza, na baada yake kulikuwa na mikataba miwili ya mauziano isiyofuatwa na uhamisho TRA. Mafundi walidai waonyeshwe mikataba yote, wakazungumza na kila muuzaji, wakakagua faini za trafiki kwa namba ya gari. Hili walilifanya haraka na vizuri.

Udhaifu wao uko kwenye historia ya matengenezo ya hapa nchini, ambayo mara nyingi haina karatasi yoyote. Walimpigia simu fundi wa zamani wa gari hilo, lakini maneno yake yaliandikwa kwenye ripoti sawasawa na yale waliyoyaona kwa macho yao, nami nililazimika kuuliza lipi ni lipi. Kwa huduma inayolipiwa shilingi 180,000, nakala ya Japani ikiwa ndani ya bei, kila mstari ungepaswa kuonyesha chanzo chake. Hata hivyo nawapendekeza kwa moyo wote, hasa kwa Altezza, Celica na magari mengine ambayo injini zake hubadilishwa ovyo. Muuzaji alipunguza bei kwa gharama ya mkanda na bodi, akakubali kurekebisha namba ya injini kwenye kadi, na salio nililimaliza baada ya uhamisho kukamilika. Anayekwenda apeleke gari asubuhi likiwa limeoshwa na injini ikiwa baridi, pamoja na kadi halisi, kwa sababu nakala ya simu hawaipokei.