Ushauri nasaha Chumbageni, sisi umetusaidia

Naandika kwa ajili ya familia zenye jambo kama letu maana nilihangaika miezi mitatu hapa Tanga natafuta wa kuongea nae. Jina la ofisi silitaji, wanaoingia pale wanahitaji stara, ila ipo Chumbageni.

Mdogo wangu alimwambia mama kwamba anapenda wanaume. Nyumba ikawa kama msibani, baba hasemi, mama analia nani kamroga mwanangu, sahani ya dogo ikawa inabaki jikoni anakula peke yake. Nikambembeleza mama mpaka akakubali twende.

Mshauri ni mdada mpole, kampa mama shikamoo, kamuacha alie mpaka basi, halafu kamuuliza, mama tangu umejua mmekula nae mara ngapi? Mama kimya. Ndo akatueleza utafiti wa timu ya Caitlin Ryan kule San Francisco, ulitoka 2009, vijana 224 wa miaka 21 mpaka 25 wanaopenda jinsia yao kama dogo, yani waliokataliwa sana nyumbani uwezekano wa kuwa wameshajaribu kujiua ulikuwa mara 8.4 ya wenzao ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu, na sonona mara 5.9. Akasema wazi hao ni vijana wa Marekani, wazungu na walatino, ila mtoto wa Ngamiani nae mamake akimfungia mlango ataenda wapi? Mama akauliza dawa. Akajibiwa hamna dawa mama sio ugonjwa, madaktari wa akili Marekani walishalitoa jambo hili kwenye orodha yao ya magonjwa 1973, Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo 1990. Na hakumwambia aache dini, hapo ndo nilimpenda kabisa, kasema endelea kuswali, muombee mwanao, ila usimtukane na usimfukuze.

Sasa kasoro. Benchi la kusubiri lipo mlangoni na mlango wenyewe ni pazia, nilisikia habari za mtu aliyetutangulia mwanzo mwisho, kwa jambo kama hili na sheria zetu zilivyo mtu anaweza kuharibikiwa maisha, tafadhali wekeni mlango leo leo. Miadi saa nne tukaingia saa sita. Na makaratasi yote ya kizungu, mama angepata ya kiswahili angempelekea baba.

Elfu ishirini kikao, mimi narudi. Juzi mama kamuita dogo tukala sinia moja, hawakuongea sana lakini alimsogezea samaki. Baba bado, jumamosi kasema ataangalia.