Kichwa cha miaka sabini na kinyozi wa Mbuyuni

Nianze na bei, maana najua wengi mnaitafuta hiyo kwanza. Nywele 3,000, nywele na ndevu 4,000, na wazee wa miaka 65 kwenda juu anatupunguzia mia tano bila kuombwa. Mimi nina 70, kwa hiyo kichwa na kidevu nalipa 3,500. Saluni iko Mbuyuni hapa Moshi, nyuma ya soko, ukishawapita wauza mitumba na mashine ya kusaga. Jina haina. Bango lilikuwepo lakini jua limelila, limebaki neno KIUME na picha ya jamaa mwenye panki.

Sasa nieleze hicho kinachonyolewa, maana msomaji wa miaka 25 anaweza kufikiri kichwa ni kichwa tu. Changu kina upara katikati tangu nikiwa na miaka 48. Pembeni kuna mvi, laini kama za mtoto, na nyuma shingoni zinaota kwa viraka. Balaa liko masikioni. Yaani za utosini zimegoma kabisa, ila za masikio, pua na nyusi ndiyo kwanza zimepata ujana. Marehemu mke wangu alikuwa na kimkasi chake cha kucha. Jumapili kabla ya misa ananishika sikio, "Tulia baba, usitikisike," kwisha. Alifariki 2021. Baada ya hapo hakuna mtu aliyesema kitu, mpaka mjukuu wangu wa darasa la pili akaniuliza mezani mbona masikio yangu yana ndevu.

Kaka yake mkubwa akaona aibu kwa niaba yangu, akanipeleka saluni ya kisasa mjini. Sitaitaja. Kiyoyozi, taa za rangi, viti vya kupanda na kushuka. Kijana akanipokea kwa "Niaje mzee," kitu cha masikioni hakutoa. Nikamwambia punguza pembeni, uache kidogo, na masikio uyaangalie. Akatikisa kichwa. Nikadhani ameitikia kumbe ni muziki. Akapiga sifuri, kichwa kizima, kwa dakika nne. Halafu akaja binti kuniosha uso na kuusugua, skrabu wanaiita. Nilijua ni sehemu ya huduma, kumbe ina bei yake. Wakataka na kunipaka piko kwenye masharubu, hapo nikakataa, maana kuna mwenzangu niliyefanya naye kazi reli alipaka dawa nyeusi ya pakiti akavimba macho wiki nzima. Jumla 18,000. Na masikio hawakuyagusa.

Hasira yangu haikuwa ya hela. Kesho yake nimeshuka daladala Majengo, mama mmoja wa jumuiya yetu ananishika mikono miwili: "Pole sana, baba. Ni nani tena?" Nikaanza kueleza. Nikafika dukani, pole nyingine. Mtu wa nje ya Kilimanjaro huenda asielewe. Kwetu mzee akionekana ghafla kichwa cheupe kama yai, watu wanajua ametoka kunyoa msiba. Mimi sifuri nimenyolewa mara mbili tu maishani kwa ridhaa au kwa amri: JKT mwaka 1975, afro yangu yote ikabaki mchangani, na Kibosho baada ya kumzika mke wangu, tumekaa mgombani kila mtu na wembe wake mpya. Ya tatu ndiyo hii ya yule kijana. Nilivaa kofia mwezi mzima, na bahati ilikuwa Julai, baridi, hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana nilipokaa kwa huyu wa Mbuyuni mara ya kwanza, neno lililoniteka ni lile la kwanza kabisa. Alisema, "Shikamoo mzee. Tunapunguza au tunashusha?" Na akasubiri jibu. Nikamwambia sifuri sitaki, sifuri ni ya msiba. Akasema, "Nimeelewa, mangi," akachukua namba moja na nusu, akanionyesha kwanza pembeni kidogo kwenye kioo, ndipo akaendelea.

Maswali yake hayakuishia hapo. Kama shingo inainama vizuri au inauma. (Inauma. Nikiilaza nyuma napata kizunguzungu, na wengi wa rika langu ni hivyo hivyo. Hivyo vinyozi wanaokulaza kiti kama daktari wa meno, wajue.) Kama natumia dawa za presha au za kufanya damu iwe nyepesi. Nikashangaa, nikamuuliza yanamhusu nini. Akasema aliwahi kumkwaruza mzee mmoja kidogo tu nyuma ya sikio, damu haikukata nusu saa, ndipo yule mzee akakumbuka kumwambia anakunywa dawa ya moyo. Tangu siku hiyo anauliza, na mwenye sukari anamuuliza pia, kwa sababu kidonda chake hakiponi upesi. Kwetu sisi wa vidonge asubuhi na jioni hilo swali lina thamani kuliko kiyoyozi.

Mikono yake. Ana miaka arobaini hivi, mkono mkavu, hausukumi kichwa. Akitaka ugeuke anakugusa kidevu kwa kidole kimoja na kusubiri. Kila baada ya muda anagusisha meno ya mashine kwenye mkono wake mwenyewe kupima joto, ikichemka anaizima, anadondosha oili tone mbili, anachukua nyingine. Ngozi ya utosi wa mzee ni nyembamba, mashine ikichemka unajua. Ndevu anazifuata zinakoelekea, harudi kinyume, na hazinyoi mpaka chini kabisa. Anasema nywele zetu hizi za kujikunja ukizikatia ndani ya ngozi zinarudi kuchoma humo humo, ndiyo vile vipele vya shingoni ambavyo mimi nimeviita "vya jasho" miaka hamsini. Nilikuwa najinyoa mwenyewe kwa wembe kinyume nyumbani ili niwe laini. Kumbe laini ile ndiyo ilikuwa inaniletea vipele.

Usafi: wembe mpya anaufungua mbele yako, karatasi anakuachia uione. Kile kiboksi chenye taa ya bluu anacho, kama wote, ila yeye hakitegemei. Anasema taa inaua pale inapomulika tu, katikati ya meno haifiki, kwa hiyo anapiga brashi kwanza, anafuta kwa spiriti, ndipo anaingiza. Watu wanaogopa Ukimwi kwa kinyozi na kusahau homa ya ini, ambayo inapita hata kwa damu kidogo usiyoiona. Na mapunye, kwa watoto. Taulo ndiyo lawama yangu ya kwanza: ni safi, zimefuliwa, lakini ni chache, na Jumamosi mchana ukichelewa unapata mbichi.

Masikio! Alimaliza kichwa, akaweka mashine chini, akachukua mkasi mdogo wenye ncha butu, akasema kwa sauti ya chini kidogo, wale wa kwenye benchi wasisikie: "Na hapa nikuguse, mzee?" Nikamwambia gusa. Akashika sikio. Nitaishia hapo kuhusu hilo.

Sasa ile siku ya umeme. Ilikuwa Machi, mvua imeanza, upande wa kushoto umeisha na wa kulia bado. Umeme ukakatika. Vijana wawili waliokuwa wanasubiri wakanyanyuka wakaondoka; sasa mimi niondoke vipi na nusu kichwa? Nikafikiria kofia. Yeye hakusema kitu, alivuta kiti changu mpaka mlangoni kwenye mwanga, akatoa mkasi mrefu na kitana cha chuma kutoka kwenye droo ya chini, akaanza. Jamani. Miaka mingi sijasikia ule mlio karibu na sikio, tik tik tik tik, hata pale asipokata mkasi unacheza hewani. Alijifunza kwa baba yake, ambaye alikuwa ananyoa chini ya mti, kiti kimoja na kioo kimening'inizwa kwenye msumari. Nilinyolewa hivyo karibu na stesheni miaka ya themanini, wembe wa Topaz, kioo kina ufa, ukitaka kujiona vizuri unainamisha kichwa kukwepa ufa. Upande wa kulia ulichukua dakika 25. Ulipolinganishwa na wa kushoto wa mashine, ulikuwa mzuri zaidi, nami nikamwambia. Akacheka, akasema vijana hawana dakika 25. Tangu siku hiyo naomba mkasi, anakubali siku za Jumanne na Jumatano tu, kukiwa hakuna watu. Bei haongezi. Mimi naongeza.

Kuna jambo jingine lilitokea Agosti. Amemaliza, ameshika kioo cha pili nyuma yangu kama kawaida, lakini badala ya kuuliza "safi?" akasema, "Mzee, hii alama huku nyuma ya utosi unaijua?" Siijui, nitaijuaje, mke hayupo na macho hayapo kisogoni. Ilikuwa doa jeusi, gumu kidogo, kama limebandikwa. Hakuniambia ni nini wala hakuniuzia mafuta. Akasema tu, "Mwezi wa sita ilikuwa ndogo kuliko hivi. Nenda KCMC, pale ngozi." Hospitali hiyo sisi wa Moshi tunaichukulia kawaida, lakini kile kituo chake cha magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992 na madaktari wa nchi nyingine wanakuja kusomea hapo; ndipo pia yanapotengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Nikaenda. Daktari akaangalia na kidude chake chenye taa, akasema ni uvimbe wa umri tu, hauna madhara, ukikusumbua tutautoa. Haunisumbui. Ila niliporudi kumwambia kinyozi, aliacha mashine, akashusha pumzi kama ndugu.

Lawama zangu nyingine hizi hapa. Mbele ya mlango kuna mtaro wenye ubao mmoja, ukinyesha ni utelezi, na hakuna pa kushika. Kwa mwenye fimbo ni hatari, nimemwambia mara tatu. Benchi la kusubiri halina egemeo. Choo hana, unakwenda cha kulipia sokoni, na sisi tunaomeza kidonge cha presha cha kukojosha asubuhi tunajua maana yake; mimi siku ya kunyoa nakimeza nikirudi, daktari asinisikie. Yeye mwenyewe ni Yanga wa kupindukia. Ikizungumzwa mechi anatembea na mashine mkononi huku inawaka, na wewe umebaki na shuka shingoni unasubiri arudi. Kama u Simba kaa kimya mpaka amalize sehemu ya nyuma.

Foleni yake ni daftari. Unaandika jina, unakwenda kununua ndizi zako, unarudi. Nimekuwa mtu wa reli, kuchelewa nakujua kwa harufu, na huyu akisema saa nne na nusu ni saa nne na nusu. Isipokuwa Desemba. Kuanzia tarehe 18 hivi, ndugu zetu wakianza kupanda kutoka Dar na kwingineko kuja kula sikukuu, daftari linajaa saa mbili asubuhi, nywele inakuwa 5,000, punguzo la wazee linasahaulika, na mkasi hata usiutaje. Nenda kabla, au vumilia mpaka baada ya mwaka mpya uingie kanisani na masikio yako hivyo hivyo.

Nampa nane kati ya kumi. Ubao wa mtaro unakula moja, choo kinakula moja. Jumapili hafungui. Hela ya simu anapokea, lakini ukitaka ile mia tano ya wazee inabidi uwe na hela taslimu mkononi.

Viti ni viwili. Omba cha kulia, cha kushoto mguu mmoja ni mfupi.