Kayaki ya kukaa juu, mita 3: mwaka mmoja nikiwa nayo

Kabla hujaniuliza kama kayaki hii, mtumbwi wangu mdogo wa kasia, inakwenda kasi, niulize kama nimewahi kupinduka nayo nikapanda tena peke yangu. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu nilipokuwa naichagua, na sababu ninayo.

Kayaki ya kwanza niliyoijua nilikuwa nimeiazima. Ilikuwa ya kukaa ndani, miguu ikiingia kwenye tundu, ndefu mita 4 na ushee, nyembamba, upana sentimita 58. Ilikata maji vizuri mno. Siku ya tatu niligeuka kumtazama dada yangu aliyekuwa nyuma na kayaki yake, uzito ukalalia upande mmoja, nikajikuta majini. Kutoka tunduni hakukunisumbua, kurudi ndiko kulikoshindikana. Tundu lilijaa maji hadi ukingoni, na kila nilipojaribu kupanda lilikuwa likilala na kuteka mengine. Upo, yaani chombo cha kuchotea maji nje, hatukuwa nao, na ndani hakukuwa na viambaza vya kuyazuia yasienee kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mle ndani zilikuwa lita nyingi. Tulikuwa mita 30 hivi kutoka ufukweni, na kuikokota tukiogelea kulituchukua karibu nusu saa. Nilifika mikono ikitetemeka, nikasema sitaki tena chombo ambacho kikinimwaga hakinipokei.

Hii ninayoizungumzia ni ya kukaa juu. Haina tundu la kuingiza miguu, unakaa juu yake kama juu ya ubao wenye shimo dogo la makalio na vidato vya kukanyagia. Urefu mita 3, upana sentimita 78, uzito kilo 23, plastiki ya polietileni iliyomiminwa kipande kimoja. Mwili wake ni mtupu na umefungwa pande zote, kwa hiyo hata ikipinduka hakuna pa kujaa. Maji yanayoruka juu yanashuka yenyewe kupitia matundu yaliyotoboka kutoka sitahani hadi chini.

Siku niliyoipata sikupiga kasia hata dakika kumi. Niliipeleka kwenye maji yanayonifika kifuani, nikavaa boya langu la kifua, nikaipindua kwa makusudi. Mara ya kwanza nilihangaika. Mara ya nne nilikuwa nimeelewa: unaigeuza iangalie juu, unashika ukingo wa upande wa pili, unapiga miguu kama mwogeleaji hadi mwili uelee sambamba na maji, ndipo unajivuta ulale kifudifudi juu yake, kitovu katikati. Hapo unatulia. Kisha unajibiringisha makalio yaingie kitini, na miguu unaivuta mwisho. Kosa langu lilikuwa kutaka kupanda kama ninayepanda ukuta, mikono ikisukuma chini, na chombo kikanijia usoni. Anayeanza asiende mbali kabla hajaweza haya bila kushikiwa.

Utulivu wake kwenye maji shwari ni wa kuaminika. Kitako chake ni bapa na upana ni mkubwa, nageuka nyuma, nachukua chupa, hata naning'iniza miguu nje, na haiyumbi. Lakini kitako bapa kina tabia ya kufuata uso wa maji, wimbi la ubavuni likiinama nacho kinainama. Kwa hiyo wimbi likikua nalipokea kwa omo.

Udhaifu wake upo, na nausema wazi. Ni ya polepole. Kwa ufupi wake, omo inacheza kushoto na kulia kila unapochota maji, na mtu mgeni hudhani kosa ni la mikono yake. Tazama kama tezi ina mkuku mdogo, kama pezi chini yake, wa kushikilia njia, yangu haina, na kama ningechagua leo ningetafuta yenye nao. Upepo wa ubavu unaisukuma kama jani, maana mimi na chombo tuko juu ya maji sana. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda majini ndio ninaouogopa kuliko mawimbi: ufukweni maji yanaonekana kama kioo, huku unapelekwa mbali bila kujua. Siku hiyo sitoki.

Na utalowa. Mimi nina kilo 74, na nikiongeza begi na maji ya kunywa, maji hupanda kupitia matundu hadi kitini. Kibandiko cha kiwandani kinasema inabeba kilo 120. Hicho ni kiwango cha kuelea, si cha kupiga kasia kwa raha. Mimi navuka theluthi mbili kwa shingo upande. Mzito zaidi yangu achague kubwa zaidi. Penye maji baridi, hili la kulowa si dogo, anayeishi huko ana haki ya kupenda ya kukaa ndani inayokinga miguu, mradi iwe pana, yenye viambaza, na awe amejifunza kuitoa maji. Popote ulipo, vaa kwa baridi ya maji, si kwa joto la hewa.

Wainuit, ambao chombo hiki kilianzia kwao, walikitengeneza kwa vipimo vya mwili wa mwenyewe na kukivika ngozi ya sili. Sisi tunanunua kilichokwisha kumiminwa, kwa hiyo kujipima ni juu yetu: kaa kitini dukani, dakika kumi kamili. Magoti yakunjike kidogo, nyayo zikanyage imara, kiuno kishikwe na kiegemeo. Kiegemeo kilichokuja na yangu kilikuwa kitambaa laini tu, baada ya saa moja mgongo uliniuma, nikakibadilisha.

Kasia nilikosea pia. Nililoanza nalo lilikuwa la sentimita 210, na kwa upana huu nilikuwa nagonga vidole ukingoni na kujimwagia maji mapajani. La sentimita 230 lilimaliza tatizo. Ukibakiza fedha kidogo, ziweke kwenye kasia jepesi, maana ndilo unaloliinua mara elfu na zaidi kwa safari moja.

Kuibeba: kilo 23 si nyingi kwa watu wawili, ila peke yako, na umbo lile lisiloshikika, bega linajua. Juu ya gari nilikaza mikanda kupita kiasi siku ya jua kali na plastiki ikabonyea. Niliiacha juani bila mikanda na sehemu kubwa ya kibonyeo ikarudi. Nyumbani inalala ubavu, kivulini, kizibo cha tezi kikiwa wazi ili unyevu wa ndani utoke. Kabla ya kushuka majini, hicho kizibo ndicho kitu cha mwisho ninachokigusa, nione kimefungwa.

Dada yangu sasa anaiazima kila wiki. Wiki iliyopita alijipindua mara tatu palepale kwenye maji ya kifuani, na mara ya tatu alikuwa kitini kabla sijamaliza kuhesabu ishirini.