Jicho halikuuma: uzoefu wangu wa kliniki ya macho Dar

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Mwezi wa tatu nilianza kuona kama nzi wanapita mbele ya jicho la kushoto. Nikawa nawafukuza kwa mkono, wateja wanacheka. Wiki iliyofuata ukaja ukungu, uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi siuoni tena. Lakini jicho haliumi, wala si jekundu, nikajipa moyo. Duka la dawa wakaniuzia matone, nikatia siku kumi. Bure kabisa. Tatizo lilikuwa nyuma kwenye retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea picha, na matone yale huishia mbele.

Hospitali niliyokwenda mwishowe siitaji, maana foleni yao nitaisema. Nimefika saa kumi na mbili asubuhi, nimeonwa saa sita mchana, na hakuna wa kukuambia uko wa ngapi.

Ukishaingia ndani, hapo siwadai kitu. Nesi alinitia matone ya kupanua mboni, nikakaa nusu saa, ndipo daktari akachungulia kwa taa kali. "Dada, hapa kuna kovu la zamani, na pembeni yake pamevimba upya." Akashuku toksoplasma, kimelea cha kwenye nyama isiyoiva na kinyesi cha paka. Nikakumbuka mishikaki ya usiku, na paka wa jirani asiyebanduka kibarazani kwangu.

Hakukimbilia dawa. Alitaka damu kwanza, kaswende na VVU vikiwemo, na picha ya kifua kwa ajili ya TB, kwa sababu magonjwa hayo nayo huvimbisha palepale. Kutajiwa kaswende mume wangu amekaa pembeni, jasho lilinitoka!

Nikapewa kotrimoksazoli ya kuua kimelea, siku chache baadaye ikaongezwa prednizoloni ya kupunguza uvimbe. Akanionya: prednizoloni peke yake, bila dawa ya kuua kimelea, inaweza kuharibu zaidi, na nisiiache ghafla. Hiyo ndiyo ilinitesa. Njaa saa nane usiku, usingizi hakuna, uso umekuwa kama andazi. Ukungu ulianza kupungua wiki ya tatu. Ya sita nikatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Kovu limebaki, na ugonjwa unaweza kurudi, kwa hiyo nikiwaona wale nzi tena natakiwa kwenda siku hiyohiyo.

Ukienda kupanuliwa mboni, beba miwani ya jua na mtu wa kukusindikiza. Mara ya pili nilikwenda peke yangu, nikapanda daladala ya Mbagala nikidhani ni ya Tandika.